Mbwa wa Mkwe

Juzi nilikuwa nashuka Kisondela kwa bodaboda, nikaona kwenye shamba la maparachichi mbwa amefungwa mnyororo, anabweka mpaka sauti imemkauka. Nikamwambia dereva asimame. Mwenye mbwa akatoka, kijana mtanashati, simu mkononi. Nikamsalimia, kisha nikamuuliza mbwa wake anajua nini.

"Anajua kung'ata, babu," akacheka. "Kingine cha nini?"

"Na akishang'ata, anajua kuachia?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama mbwa anajua kusoma. Nilirudi nyumbani nimenuna, mke wangu akaniuliza nani kaniudhi, nikamwambia ni vijana wote wa wilaya hii. Kwa hiyo haya nawaandikia ninyi mnaonunua watoto wa mbwa kule Mbeya, mnawafunga mtini, mkishawafunga mnasema mna ulinzi.

Mimi nimetunza mbwa wa ulinzi kwenye shamba la chai juu ya Lufingo miaka mingi, tangu shamba likiwa la umma mpaka lilipopata wenyewe wengine. Pale Tukuyu sokoni walikuwa wananiita Mwalimu wa Mbwa, wakidhani wananidhihaki. Walimu wenzangu walikuwa wanadai mishahara, mimi wanafunzi wangu walikuwa wananilamba mikono.

Somo la kwanza, basi. Mtoto wa mbwa hafundishwi kukamata kwanza, anafundishwa kuachia. Kukamata amezaliwa nako. Mpe kitambaa kigumu avutane nawe, aking'ang'ania usimvute zaidi, tulia. Mkono wa pili uwe na kipande cha nyama. Akinusa nyama atafungua kinywa, na hapohapo kinapofunguka useme neno lako la kumwachisha. Ukilisema kabla, hatalielewa. Ukichelewa, atadhani neno ni la nyama. Rudia kila siku mpaka siku ukilisema bila nyama afungue kinywa mwenyewe. Usimwite mbwa halafu ukampiga, maana safari nyingine hatakuja. Na hapa kwetu, ambako ukungu unashuka asubuhi hata mkono wako mwenyewe huuoni vizuri, usimfundishe kwa ishara za mikono. Mfundishe kwa sauti, tena ya chini. Ukipiga kelele kwenye ukungu mbwa hajui uko upande gani, anachojua ni kwamba umeogopa.

Haya yote nilifundishwa na baba yangu. Alikuwa mlinzi wa shamba lile kabla yangu, na watu wote walimwita Mzee wa Mbwa. Jina lake halisi lilikuwa Gwakisa, yaani mtu wa huruma, lakini waliokuwa wakimwita hivyo walikuwa wameshakufa wote. Mimi mwanawe nilimwita tata, kama kila mtoto wa Kinyakyusa anavyomwita baba yake.

Mbwa wake wa mwisho alikuwa dume kubwa jeusi, kifuani ana baka jeupe. Alimpa jina Bepari, wakati huo bepari likiwa tusi la kwenye mikutano. Sasa ikaja ruksa, serikali ikafungua biashara binafsi, shamba likatangazwa kuuzwa, na siku bwana mmoja wa kampuni alipokuja kulikagua akauliza mbwa huyu mzuri anaitwa nani. Baba akajibu bila kupepesa macho kwamba anaitwa Bahati. Yule bwana akamwita Bahati, Bahati, mpaka akachoka, mbwa anamtazama tu. Tulicheka mpaka jioni.

Ruksa ilituletea na wizi wa majani mabichi. Zamani ukiiba majani ya chai ungemuuzia nani? Mnunuzi alikuwa mmoja. Wakati ule zikaanza kupita pikapu za watu binafsi, hawaulizi majani yametoka wapi, na wezi wakawa wanaingia shambani na ukungu wa asubuhi. Mwizi wa majani ana tabia moja. Akisikia mlinzi anakuja, anatoka njiani, anaingia kati ya michai, anachuchumaa na kujifunika. Baba akamfundisha Bepari jambo hilohilo: anayepita njiani mwache, anayeacha njia na kuchuchumaa kwenye michai mkamate mkono, umshike mpaka nije.

Tatizo likawa neno la kuachia. Mbwa wengine wa shamba waliachia kwa kuambiwa "acha," na wezi wakalijua. Mwizi anakamatwa, anasema "acha, acha" kwa upole kama mwenye mbwa, mbwa anaachia, mwizi anaondoka na gunia lake. Baba akasema Bepari atapewa neno ambalo mwizi hawezi kulibahatisha. Akampa jina lake mwenyewe.

"Mwizi gani atanijua mimi Gwakisa?" akaniambia, amefurahi kweli.

Akamfundisha peke yake, kwa mdomo wake peke yake, kule bondeni ambako hatukumwona. Nikamuuliza, na siku ukiumwa? Akasema akiumwa, Bepari naye atapumzika. Mimi sikuipenda ile hata kidogo, lakini baba ni baba, na mbwa alikuwa wake.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo ninyi wa leo mnalisikia kwa bibi zenu tu. Kwetu mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, haongei naye, hakai chumba kimoja naye, na jina lake halitamki, hata neno linalofanana nalo. Ni heshima, na wanawake waliolelewa vizuri waliishika hasa. Mke wangu Subilaga aliishika kuliko wote niliowajua. Kwa kuwa mkwe wake ni Gwakisa, yeye neno "kisa" hakulisema kabisa, si kwa Kinyakyusa wala kwa Kiswahili. Wenzake wakisema "kisa na mkasa," yeye husema "ule mkasa na mwenzake." Kanisani wimbo ukifika penye huruma ya Mungu, kwa lugha yetu neno ni lilelile, mke wangu alikuwa anafunga mdomo, kisha anaendelea na mstari wa mbele. Mchungaji alidhani ana tatizo la koo.

Njia ya kutoka kwetu kwenda barabarani inapita ukingoni mwa shamba la chai. Baba alipokuwa kwenye doria asubuhi, akikaribia kona alikuwa anakohoa kwa nguvu ili mkwewe asikie. Subilaga akisikia anatoka njiani, anaingia kwenye michai, anachuchumaa na kujifunika kanga kichwani. Baba anageuza uso upande wa pili na kuishika kola ya Bepari barabara, wanapita. Mmeona wenyewe ilivyokuwa. Mkwe mwenye heshima na mwizi wa majani walikuwa wanafanya kitu kilekile, na kilichowatofautisha mbele ya mbwa kilikuwa mkono wa mzee kwenye kola.

Baba alifariki kipindi cha baridi, kwa kifua. Tulimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba. Muda si mrefu shamba likakabidhiwa kwa wenye kampuni, wakaja na walinzi wao na msimamizi wao, mtu wa mbali, mpole lakini mwenye haraka. Akataka kuwajaribu mbwa. Wale wengine wakamtii. Bepari alikaa chini akatazama upande wa kilima, hata aliporushiwa mfupa hakugeuka.

"Huyu amekwisha, mzee," msimamizi akaniambia. "Nitawaambia wamchome sindano."

Nikamwambia asijisumbue, nitamchukua. Nilikuwa nikimpenda yule mbwa, na alikuwa kitu cha mwisho chenye harufu ya baba.

Wiki chache baadaye wachuma chai wakaanza kunong'ona. Jirani yetu Mama Lusajo, mchumaji wa siku nyingi, akaja nyumbani kikapu kikiwa bado mgongoni.

"Baba Ipyana, yule mbwa unamtuma wewe?"

"Kumtuma wapi?"

"Asubuhi anapita doria. Saa zilezile za marehemu, njia ileile." Akatua kikapu. "Na hapiti katikati ya njia."

Kesho yake nikaenda kujificha penye daraja la magogo nione mwenyewe. Ukungu ulikuwa mzito, majani ya chai yanadondosha maji. Bepari akatokea anatembea polepole, amebana ukingo wa kushoto wa njia, na upande wake wa kulia ameacha nafasi ya kumtosha mtu mzima. Kila baada ya hatua chache alikuwa anainua kichwa na kutazama juu kulia, kama mbwa anavyomtazama anayemwongoza. Alipofika darajani akasimama. Baba alikuwa na goti bovu, kuvuka magogo kulimchukua muda. Bepari akasubiri muda uleule, macho yakifuata kitu taratibu kutoka gogo la kwanza mpaka la mwisho, kisha naye akavuka.

Nywele zilinisimama, sitawadanganya. Lakini mimi ni mtu wa kazi, nikajieleza kitaalamu. Mbwa aliyefundishwa hutembea kushoto kwa bwana wake, hukaza mwendo akikaza na hupunguza akipunguza. Amefanya hivyo miaka na miaka, mazoea yamemwingia mwilini. Nikaenda kumweleza Subilaga vilevile, maana naye alikuwa amesikia maneno ya wachumaji.

"Kwa hiyo hapo kulia kwake hapana kitu?" akauliza.

"Hapana kitu, Mama Ipyana. Ni mafunzo tu."

"Haya," akasema.

Siku iliyofuata alipokuwa anatoka kuchota maji akamwona Bepari anakuja, akaweka ndoo chini, akaingia nyuma ya migomba na kujifunika uso. Nikamuuliza anamkimbia mbwa? Akasema mbwa hamkimbii. Wachumaji nao walikuwa wakiuacha wazi upande wake wa kulia, hata wale walioniambia hawaamini mambo hayo.

Nikamfunga. Asubuhi nikakuta mnyororo upo, kola ipo imefungwa tundu lilelile, mbwa hayupo. Hilo nalo lina maelezo: mbwa akikonda shingo, akirudi kinyumenyume kola inapita masikioni. Nikakaza matundu mawili. Asubuhi nyingine nikaikuta tena kola iko chini, imefungwa. Nilimpima shingo kwa vidole, sikuona ilipopitia, nikajiambia mbwa ni mjanja.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, tunakwenda barabarani kupanda gari la Mbeya kumpeleka mtoto kwa shangazi yake. Subilaga alitangulia, amembeba mgongoni mwanetu Ipyana, bado ananyonya. Mimi nilikuwa nyuma na mkungu wa ndizi begani, nikasimama kuufunga upya kabla ya kuvuka kijito, maana kamba ilikuwa inateleza. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini kabisa.

Nikasikia Bepari ananguruma kwa juu, upande wa michai. Kisha mke wangu akapiga kelele moja fupi.

Nilijua palepale nini kimetokea. Amemwona Bepari anakuja, ameacha njia, amechuchumaa na kujifunika, na safari hii hapakuwa na mkono kwenye kola. Nikautupa mkungu nikakimbia. Sijawahi kumwita baba yangu kwa jina maisha yangu yote, lakini siku hiyo nililipiga kelele lile jina mpaka koo likachubuka. Gwakisa, Bepari, Gwakisa! Ukungu ulilimeza. Nikateleza kwenye mawe ya kijito, nikaanguka, maji ya baridi yakanikata pumzi.

Nisimame kidogo hapa niseme la kazi, maana ndilo lililonifanya niandike. Yule mbwa alikuwa na utii kuliko mbwa wote niliowaona, na utii wake wote ulikuwa kwa mdomo mmoja uliokuwa umeshafukiwa. Mbwa wa nyumbani afundishwe na watu wote wa nyumba. Mama amwachishe, mtoto amwachishe, mgeni anayekaa mwezi amwachishe. Na neno liwe ambalo kila mmoja wenu anaweza kulitamka bila kuvunja heshima ya mtu. Baadaye Bepari nilimfundisha upya, mzee vile alivyokuwa, na neno likawa "tosha," na aliyemfundisha zaidi ni Subilaga mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Doria aliiacha siku ileile, hakuirudia tena.

Yaliyotokea kule juu nilisimuliwa na mke wangu jikoni, ninamwosha mkono kwa maji ya chumvi.

Alisema Bepari alimshika juu kidogo ya kiganja. Meno yameingia lakini hachani, kama alivyofundishwa. Naye alitulia, akijua akivuta ataumia zaidi. Angeweza kusubiri hivyo mpaka nifike. Ila Ipyana aliamka, akaanza kulia na kurusha miguu, na macho ya Bepari yakatoka usoni kwake yakaenda mgongoni.

"Akaanza kupandisha," akasema. "Anaachia kidogo, anashika juu zaidi. Kiwiko. Halafu juu ya kiwiko. Ananikaribia bega, Baba Ipyana, na mguu wa mtoto uko hapo."

"Hukunisikia ninaita?"

"Nilikusikia, mbali. Yeye hata sikio hakutikisa."

Lile neno Subilaga alikuwa analijua. Miaka yote alimsikia mzee, ng'ambo ya ukuta, akimwachisha Bepari mbuzi na nguo za watu. Alijua pia jinsi linavyosemwa, polepole, chini kwa chini, kama mtu anavyoitwa kwa jina mlangoni kwake. Aliniambia alilia kabla ya kulisema, na kwamba kilichomliza ni aibu kuliko maumivu. Kisha akaivuta kanga usoni, akageukia njiani, penye ile nafasi, akasema, "Tata. Gwakisa."

Mara moja tu. Bepari akasimamisha masikio, lakini meno hakuyatoa.

"Ndipo ukaitika," akasema. "Ukasema 'Ee,' karibu kabisa, palepale njiani. Akaniachia hapohapo, akakurudia." Akanishika kwa mkono mzima. "Ndaga fijo, asante sana, baba. Nilidhani niko peke yangu."

Niliendelea kumwosha. Nilimfunga kitambaa, nikamchukua Ipyana, nikatoka nje kwa kisingizio cha kuni.

Nilikuwa nimeisikia hiyo "Ee" kama alivyoisikia yeye. Ilitoka juu, njiani, sauti ya mzee aliyeitwa akiwa na shughuli zake, na ambaye hakutegemea kuitwa na mkwewe. Mimi nilikuwa bado chini kijitoni, nimepiga magoti majini, pumzi ya kusema neno sina.

Ni miaka mingi sasa. Tukikosana, Subilaga hunikumbusha kwamba hata hivyo siku ile nilimwitikia, na hasira zake huishia hapo. Sasa hivi yuko uani anaanika mahindi, na lile kovu naliona kutoka hapa nilipokaa. Bado sijamwambia.